Kamba wa Mama ni Yupi?

3 Machi

Shemeji,

"Marehemu kaka yangu aliwachunguza wanyama hawa kwa miaka mingi na kuthibitisha kuwa ni aina moja. Wanaotaka kuwagawa leo wanatafuta umaarufu, si ukweli." Hayo ndiyo uliyoiandikia tume ya vibali, kwenye karatasi yenye nembo ya makumbusho, sahihi yako chini na muhuri juu yake. Nimeyasoma nikiwa nimesimama kwenye korido, kwa sababu kiti changu kina chupa za vielelezo, meza ina chupa, na dirishani pia kuna chupa.

Nikujibu. Hakuwachunguza kwa miaka mingi. Nilikuwa mke wake, najua. Aliwachunguza msimu mmoja wa mvua, huku anasahihisha mitihani na mtoto ana homa, na bado aliandika vizuri kuliko wengi ambao wangepewa nafasi na utulivu. Wala hakuthibitisha. Alisema. Mtu akisema jambo kwa upole na kwa sentensi nzuri, halijawa limethibitishwa. Na huo umaarufu, shemeji, ni wa nini? Mnyama wangu ana ukubwa wa kidole gumba, anakaa gizani chini kabisa ya bahari, haliwi wala hauzwi. Nikimtaja kwenye harusi watu wanahama meza.

Barua hii nawapa tume nakala, kwa hiyo niwaeleze na wao. Huyu si kaa, na si kamba wa kuliwa. Ni kamba aliyechuchumaa: mkia kaukunja chini ya mwili kama mtu aliyekalia miguu yake, mikono mirefu kuliko mwili mzima, na kati ya macho ana mwiba mmoja mrefu na miwili mifupi pembeni. Kaka yako ndiye aliyemtambulisha kwa wataalamu, akampa jina la mama yenu. Nyumbani tunamwita kamba wa Mama.

Sasa kampuni inataka kukwangua madini juu ya mlima ulio chini ya bahari. Sheria ya vibali haina kona: mlima ukiwa na mnyama asiyepatikana kwingine, haukwanguliwi. Ukiwa na wanyama wa kawaida tu, ruhusa. Wewe umesema ni wa kawaida, kwa sababu kaka yako alisema kamba wa mlimani na kamba wa mteremko wa pwani ni wamoja.

Nimewageuza chali. Wa mteremkoni, lile bamba la kifuani kati ya miguu lina mistari mifupimifupi, kama mtu kakwaruza sabuni kwa kucha. Wa mlimani, bamba ni laini tupu. Miiba ya mkiani nayo haifanani. Nimekuwekea michoro, picha na sifa nne za kuwatofautisha. Usiniambie tupime vinasaba. Robo ya wale wa mlimani niliopewa waliloweshwa kwenye fomalini, dawa inayoharibu vinasaba, na watu wa kampuni wenyewe, na waliobaki walikaa juani kwanza. Yamebaki macho.

Kwenye kabati lako yupo yule kamba mmoja ambaye kaka yako alimchagua abebe jina. Desturi ya kazi yetu unaijua: jina halikai kwenye maelezo wala kwenye picha, linakaa kwa mnyama huyo mmoja ndani ya chupa. Tukiwagawa, wanaofanana naye wanabaki na jina, na wengine wanatafutiwa jipya. Lebo yake ina tarehe tu na jina la meli, na siku ile meli ilivua kote kuwili. Mimi naamini ni wa mteremkoni, maana ndiko walikovuliwa wengi. Lakini kuamini si kazi yangu. Mfungue, mgeuze, uniambie.

Tume inapiga kura mwisho wa mwezi ujao.

Shemeji yako, ambaye simu zake hupokei


15 Machi

Shemeji,

Salamu. Mama hajambo, goti tu linamsumbua, na anauliza kwa nini huji. Simu zako sipokei kwa sababu unaanza kugomba kabla sijasema haloo.

Nimetazama picha zako kwa makini, kuliko unavyodhani. Hebu na wewe zitazame. Ya pili, ya tatu, ya tano. Angalia shavu la kulia la gamba. Limevimba kama mtu anayeuguza jino. Unajua ni nini, au ulikuwa unajua kabla hasira haijakupanda kichwani. Ni mnyonyaji. Anaingia chini ya gamba, anajibanza penye matamvua ya kupumulia, anaishi humo kama mpangaji asiyelipa. Na dume akishakuwa na mpangaji huyo, mikono yake haikui tena. Anabaki na mikono ya jike.

Wewe umeandika nini? "Gamba pana upande mmoja. Madume wana mikono mifupi." Shemeji, umetembelea wodi ukarudi kutangaza umegundua kabila jipya.

Sifa nne, na mbili kati ya hizo ni ugonjwa. Kwa nini nikuamini kwenye mbili zilizobaki? Kaka asingefanya kosa hilo. Angegusa lile gamba kwa sindano, angecheka, angekwenda kunywa chai.

Kielelezo hakitoki humu ndani, na simfungui kwa sababu umeniamuru. Ni mzee yule. Ukimshika vibaya, miguu inabaki kwenye koleo.

Halafu kuna jambo unajifanya hulioni. Mama ana mchoro wa kamba huyo ukutani, juu ya televisheni. Fundi wa bomba akija anaonyeshwa. Daktari wa goti ameonyeshwa. Mwanawe mkubwa hayupo, na kitu pekee chenye jina lake ambacho mwanawe aliacha duniani ni hicho. Wewe unataka nimwendee niseme, Mama, kuna mjuzi kagundua mwanao alichanganya mambo, na mdudu wako huenda si wako? Nenda ukamwambie mwenyewe.

Kazi njema.

Shemeji yako


24 Machi

Shemeji,

Umenipata. Nakuandikia hivyo kwa mkono wangu uweke kwenye fremu.

Nilirudi kwenye chupa nikagusa magamba kwa sindano, mmoja baada ya mwingine. Kweli wamo. Wengine wamekaa humo wamejikunja kama wako kwao. Nimewatazama wanyama hawa tangu mvua zilizopita na sikuona, kwa sababu nilishaamua nitakachokiona. Upana wa gamba nimeufuta. Mikono ya madume nimeifuta. Kurasa zile nimezichana, nikakaa, nikasikia shingo inauma na pua imejaa spiriti, na nikatamani sana niwe nimesomea uhasibu.

Kisha nikawatenga wagonjwa wote, nikachukua wazima tu. Shemeji, wazima wa mlimani bado wana kifua laini. Wazima wa mteremkoni bado wana mistari. Wadogo kwa wakubwa, madume kwa majike. Mkiani vilevile. Zimebaki sifa mbili, na hizo hazina homa.

Unasema kaka yako asingekosea. Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nimechoka kuwa mjane wa mtu asiyekosea. Kila ninakokwenda nakutana naye amenyooka kama sanamu: kwenye mikutano, kwenye hotuba, sasa kwenye barua zako. Yule niliyeishi naye alikuwa anaweka miwani kwenye friji. Alichanganya wanyama wa sehemu mbili kwa sababu mabaharia walimwaga nyavu zote mbili kwenye beseni moja, na yeye alikuwa anatapika ubavuni mwa meli. Alinisimulia mwenyewe, akicheka. Kukosea kwake hakunitii aibu. Kunanirudishia mtu wangu.

Kuhusu Mama, usimfanye ngao. Kuna jambo jingine hulisemi, na mimi nitalisema. Nilipopita hapo mwezi wa kwanza niliona kiyoyozi kipya kwenye ghala la vielelezo. Miaka yote mmelia hamna hata feni. Kampuni inaomba kibali, makumbusho inaandika maoni mazuri, na ghala linapata ubaridi. Nisadikishe kwamba ni sadfa.

Mimi ni mimi


2 Aprili

Shemeji,

Kiyoyozi kile kimetoka chumbani kwangu.

Spiriti ilikuwa inakauka kwenye chupa kwa joto. Kila wiki naongeza, kila wiki inashuka. Niliandika maombi mpaka karani wa manunuzi akawa ananikimbia. Mwisho nilikifungua ukutani kwangu, nikakibeba na fundi umeme mpaka ghalani. Shemeji yako mwingine, mke wangu, amehamia chumba cha watoto chenye dirisha kubwa. Mimi nalala na taulo lililolowa.

Hukuniuliza. Ulipiga picha kwa macho, ukachora, ukaandika sifa. Kama ulivyofanya kwa wale wagonjwa.

Usiniandikie tena mpaka umepoa.


6 Aprili

Wanangu wawili,

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho, si kwa sababu nawagombeza. Ingawa nawagombeza.

Wewe, mwanangu, uliacha barua za mkwe wangu na nakala za majibu yako juu ya friji yangu, chini ya mkebe wa majani ya chai, ukidhani mimi siinui mkebe. Nimezisoma zote. Kumbe nimekuwa sababu. Eti Mama ataumia. Ni nani alikutuma kuniwekea ulinzi? Nimezika mume, nimezika mtoto. Mchoro wa mdudu utaniua?

Kaka yako alikuwa anakosea tangu mdogo. Alivaa viatu vya kulia na kushoto kinyume mpaka darasa la tatu, na ukimwambia anasema ndivyo anavyopenda. Nilimpenda na viatu vyake hivyohivyo. Msinitengenezee mwingine.

Na wewe mkwe wangu, ulimi wako. Umemwambia shemeji yako mwizi, na yeye analala na taulo. Mwombe radhi, na umwombe vizuri, si kwa ule utani wako wa pembeni.

Nimeelewa kwamba wako wadudu wa aina mbili na jina langu ni moja. Basi mimi nina swali dogo, na sijaona mahali mmelijibu kwenye maneno yote hayo. Wangu ni yupi? Nataka kujua anakaa wapi. Fundi wa bomba akiniuliza nimweleze sawasawa.

Mwanangu, chupa iko kwako. Mfungue.

Mama yenu


9 Aprili

Shemeji,

Nisamehe kuhusu kiyoyozi. Nilikosea, na nilikosea kwa ukali. Mwambie mke wako nitampigia mwenyewe.

Mimi


14 Aprili

Shemeji,

Yamekwisha. Mama ananiuliza kila asubuhi kabla hajanisalimia, kwa hiyo nimefungua.

Nilifunga mlango wa ghala, nikazima kiyoyozi ili mkono usitetemeke kwa baridi. Ndani ya chupa alikuwa amekaa vilevile, mkia umekunjwa, mweupe kama nta, rangi yote imekwisha kitambo. Miguu mitatu ilikuwa imeanguka chini ya chupa. Lebo ni mwandiko wa kaka, ile penseli yake butu. Sikuwa nimeutazama mwandiko huo tangu tulipomzika. Nilisogeza kiti nikakaa kwanza.

Kisha nilimlaza chali kwenye sahani, nikamulika kwa pembeni kama unavyopenda.

Laini. Hakuna mstari hata mmoja.

Sikujiamini. Nikakagua shavu: mzima, hana mpangaji. Nikageuza taa upande wa pili. Nikatazama mkia, na miiba ni ile uliyochora wewe kwa wale wa mlimani. Nikachukua wenzake wa chupa za pembeni, wale kaka aliowahesabu kama ndugu zake, nikakuta wengi wana mistari kama sabuni iliyokwaruzwa. Nikamwita msaidizi wa idara ya konokono, ambaye hajui ugomvi wetu, nikamwomba atenganishe kwa kuangalia vifua tu. Akapanga mafungu mawili bila kuuliza swali, kisha akataka kujua kwa nini nimekunja uso.

Umeona maana yake? Wewe ulidhani jina litabaki mteremkoni, na wa mlimani ndio watahitaji jipya. Mimi nilidhani ukiwagawa unampunguzia kaka kitu. Wote wawili tulikuwa tumeshika upande usio sahihi. Wale walioenea kila mahali ndio hawajawahi kuwa na jina. Kamba wa Mama ni wa mlimani. Hayupo kwingine. Na mimi, kwa kumtetea kaka, nimeandika kwa muhuri kwamba mlima ule ukwanguliwe.

Nilikwenda tume siku ileile. Nilikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akaniagizia maji. Alisema muda wa kutoa maoni umepita, kwamba maoni ya makumbusho tayari yako kwenye jalada, na kwamba wajumbe wameshayasoma na kuridhika nayo. Nikamwambia maoni hayo ni yangu na nayafuta. Akasema hakuna utaratibu wa kufuta. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama tofauti ya kifua cha mdudu ni jambo la watu wazima.

Nikatoka. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika, nikatamani ungekuwa wewe pale.

Mama nimemwambia. Ameomba nimwandikie kina cha mlima kwenye karatasi, ameibandika chini ya mchoro.

Shemeji yako


18 Aprili

Shemeji,

Nimeisoma barua yako nikairudia. Nilikuwa nimejiandaa kushindwa au kushinda, hili sikuliandalia mahali.

Umefanya kazi nzuri. Ile ya kumwita mtu wa konokono nisingeifikiria. Ningeng'ang'ana peke yangu na macho yangu haya yanayoona yanachotaka.

Kwa tume andika wewe. Mimi barua zangu wamezizoea, wakiona mwandiko wanaziweka chini ya birika. Wewe ni mtu wao, uliwapa walichokitaka. Andika kwa lugha yako, usiombe samahani zaidi ya mara moja, na usimwachie mwenyekiti upenyo wa kukuagizia maji. Nakuja kwa basi la Alhamisi na wale wangu wa mlimani kwenye kikapu. Nikikuta umeandika kwa upole nitaongeza mistari yangu.

Mimi


23 Aprili

Kwa wajumbe wa tume ya vibali, kila mmoja kwa mkono wake

Waheshimiwa,

Miezi miwili iliyopita niliwaandikia kwamba kamba wa mlimani ni wa kawaida. Niliandika bila kumfungua mnyama mwenyewe. Naomba radhi kwa hilo, na sitarudia kuomba, kwa sababu kuna kazi.

Nimemfungua. Anayebeba jina ni wa mlimani, na wa mlimani si sawa na wa pwani. Shemeji yangu, aliyewaandikia kabla yangu na ambaye barua zake hamkuzijibu, alikuwa sahihi kwenye jambo lililo kubwa na alikosea kwenye madogo, akayasahihisha yeye mwenyewe kabla hajaulizwa. Tumetofautiana vikali. Tulipomaliza, sote wawili tulikuwa tunatazama kifua kilekile.

Mwenyekiti amenieleza kwamba hakuna utaratibu wa kufuta maoni. Mimi sijaomba utaratibu. Nawaambia karatasi mnayoitegemea si ya kweli, na aliyeiandika ndiye anayewaambia. Kuanzia leo, atakayeisoma kikaoni na kuitumia anajua anachofanya.

Pia aliniuliza kama kifua cha mdudu ni jambo la watu wazima. Sheria mnayoisimamia haikusema mnyama awe mkubwa, awe na manyoya, wala awe anapendeza kwenye kalenda. Imesema awe hapatikani kwingine. Kama mnaiona sheria hiyo ni ya kitoto, kaibadilisheni hadharani mbele ya wananchi. Msiivunje kwa kucheka kidogo na kuagiza maji.

(Kuanzia hapa naendelea mimi, shemeji yake, kwa sababu amekuwa mpole mno.)

Wewe mwanasheria wa tume, waambie wenzako leo kwamba maoni yaliyokanushwa na mwandishi wake si ushahidi. Unalijua hilo kuliko sisi. Kunyamaza kwako kutahesabiwa ni kukubali. Wewe mhandisi uliyesema mlima utarudi kama ulivyokuwa, lete mlima mmoja uliokwanguliwa ukarudi, hata picha. Wewe mjumbe wa uvuvi, hujasema neno tangu vikao vianze. Sema. Na wewe mwenyekiti, ahirisha kura.

Tunataka kitu kimoja kabla hamjainua mikono. Njooni ghala la makumbusho, siku yoyote ya kazi, wote, si karani wenu. Darubini iko mezani na taa imeelekezwa kutoka pembeni. Upande wa kushoto tumemlaza kamba wa pwani, upande wa kulia wa mlimani, wote chali. Hamhitaji shahada. Mama yetu alikuja jana kwa fimbo na goti lake, akainama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, na hakuinuka mpaka tukamletea kiti.

Inameni na nyinyi. Halafu yeyote atakayetaka mlima ukwanguliwe aseme ndiyo pale pale, mbele ya sahani, tukiwa tumesimama wote watatu tunamsikiliza.

Mtunza vielelezo wa makumbusho
Mtafiti, mjane wa aliyempa jina